Shuka Kwenye Bango

Siku duka la mashine za kufulia lilipofunguliwa pale kona, Dobi alicheka mpaka akashika kiuno. Alisimama mlangoni kwake, pasi ya mkaa mkononi, akazitazama zile mashine nyeupe nyuma ya kioo, nguo za watu zikizungushwa humo kama zimefanya kosa, akamwita mkewe.

"Mama Meneja, njoo uone. Watu wanalipa ili nguo zao zipate kizunguzungu."

Mkewe alikuja, akaangalia, hakucheka. Yeye aliona kingine: viti. Mle ndani mlikuwa na viti vya mteja kukalia, na msichana mwenye shati la kola aliyesema "karibu sana" kwa kila aliyeingia, hata kwa aliyeingia kuuliza njia. Kwao mteja alisimama kizingitini, akakabidhi mfuko wake, akaambiwa njoo keshokutwa. Keshokutwa akija aliambiwa kaa kidogo, na pa kukaa hapakuwepo.

"Watachoka," akasema Dobi. "Umeme ukikatika watafua kwa meno?"

Lakini umeme haukukatika. Umeme uleule ambao ulikuwa ukiondoka bila kuaga, msimu ule uliamua kujiheshimu. Kamba za uani, ambazo zamani zililemewa mpaka mashuka yakabusu ardhi, zikaanza kuonyesha mapengo. Wakaondoka vijana kwanza, maana vijana wanapenda kioo. Wakafuata wafanyakazi wa ofisini, wale wa mashati ya kunyooshwa kila wiki, ambao ndio walikuwa uti wa mgongo wa nyumba ile. Wakabaki watu wazima, wale wa zamani, wengi wao wa kuingilia mlango wa nyuma. Hawa hakuna aliyewauliza kwa nini wamebaki. Mtu akibaki unamshukuru, humhoji.

Katikati ya hali hiyo dada yake Mama Meneja akajifungua, mtoto akaja na matatizo, na Mama Meneja ikabidi afunge begi. Alimwachia mumewe sabuni, mkaa na maagizo.

"Usichanganye rangi. Usimkopeshe yule muuza magodoro. Na mwanao akifika, mle vizuri. Msiniletee habari za chai na mkate siku nzima."

"Nenda, mke wangu. Mimi si mtoto."

"Ndiyo maana nasema," akajibu, akaondoka.

*

Mwana aliyetajwa hapo ndiye Meneja mwenyewe. Jina alilipata akiwa bado hajaota meno yote, alipokuwa akipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwaambia wateja "njoo kesho, tumejaa." Sasa alikuwa chuoni, anasoma mambo ya biashara, na amerudi likizo na miwani ambayo baba yake alikuwa anaiheshimu kimyakimya.

Aliangalia kamba zile siku ya kwanza, hakusema. Siku ya pili akashindwa.

"Baba, mkakati wako wa soko ni upi?"

"Sokoni anaenda mama yako."

"Baba, sitanii."

"Wala mimi. Mimi kule wananiibia."

Meneja akachukua rundo la nguo zilizokunjwa, akaanza kuzipanga juu ya meza ya pasi kama mganga anayepiga ramli. Suruali ya kaki akaiweka katikati. "Huyu ndiye mteja. Kila kitu kinaanza kwake. Nani huyu?"

"Huyo ni fundi rangi. Anachelewa kulipa."

"Baba! Nauliza kwa jumla. Mteja wako ni nani?"

"Mwenye nguo chafu."

"Wote tuna nguo chafu. Wako wewe, wanaokuja kwako na kule kona hawaendi. Ni watu gani, na wanakufuata nini?"

Dobi akapuliza mkaa kidogo, akafikiri. Swali lilikuwa zuri, na bahati mbaya jibu lake alikuwa nalo tayari, tena alikuwa amelipenda kwa miaka mingi.

"Weupe," akasema. "Mashine haijui doa, mwanangu. Inazungusha tu. Mimi doa nalijua kwa jina. Damu ina maji yake, kutu ina ndimu yake, wino una maziwa yake. Hakuna doa lililoingia humu likatoka na afya."

"Vizuri!" Meneja akaweka shati jeupe karibu na suruali. "Hiyo ndiyo tofauti yako. Sasa bei. Kufua shuka ni shilingi ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Alivyoniamkia."

Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaweka soksi mahali pa bei, kwa sababu alisema bei ya namna hiyo haistahili nguo kamili. Akauliza habari ya mahali, akaambiwa mahali ni hapahapa, tangu babu. Akauliza wanajitangazaje.

"Moshi wa pasi," akasema Dobi. "Ukiuona, ujue mlango uko wazi."

"Basi hapo ndipo tunapokufa, baba. Una kitu kizuri, hakuna anayekiona. Kule kona hawafui vizuri kama wewe, ila wanaonekana. Watu wakiona doa kabla, wakaona na baada, maneno hayana haja."

"Kabla na baada," Dobi akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Yalimwingia. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ambayo ikifanyika vizuri haionekani, na sasa mtu mwenye miwani anamwambia ionekane.

"Niletee doa gumu kuliko yote," akasema Meneja. "Nipige picha."

Dobi akaenda chumba cha nyuma. Kulikuwa na mifuko kadhaa imeletwa asubuhi hiyo. Aliipita ya mafuta ya gari, akaipita ya masizi. Mkono ukasimama juu ya mfuko mweusi uliofungwa fundo juu ya fundo.

Mfuko ule ulikuwa wa Mwalimu. Mwalimu aliuleta kila mara kabla ya kwenda shule, kwa mlango wa nyuma, akauweka chini, akasema "kama kawaida," akaenda zake. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa kifua na kicheko, na mtaa mzima ulijua yuko safari ndefu. Hakuwa safarini. Alikuwa chumba cha ndani, upande mmoja wa mwili umekufa, na usiku hakuweza kujizuia. Mwalimu hakumwambia mtu, maana mume ndiye aliyemwomba asimwambie mtu. Dobi na mkewe hawakuambiwa pia. Waliambiwa na mashuka. Na jambo hilo, hata wao wawili wakiwa peke yao, hawakuwahi kulitamka. Mama Meneja aliyaloweka kwenye beseni la peke yake, akayaanika kamba ya ndani kabisa, nyuma ya mapazia ya watu.

Dobi alisita, hilo lazima lisemwe. Kisha akajiambia shuka halina uso. Halina jina. Na doa lile alikuwa akipigana nalo kwa muda mrefu, akilishinda kila mara, bila hata mtu mmoja kumpa hongera.

Akalitoa shuka mfukoni.

"La nani?" Meneja akauliza, simu mkononi.

"La mteja."

Shuka lilikuwa jeupe, zito, na kwenye pindo lilitariziwa ndege wawili wanaotazamana. Doa lilianza chini kidogo ya ndege, la manjano, pana. Meneja alipiga picha. Dobi akalifua kama anayefua kwa ajili ya mashindano, akalinyoosha, na kesho yake likapigwa picha ya pili, jeupe la kuumiza macho. Mtengeneza mabango akaziunganisha, picha mbili ubavu kwa ubavu, KABLA upande huu na BAADA upande ule, na chini yake: *Kwa Dobi, doa halilali*. Maneno hayo aliyatunga Dobi mwenyewe, na alijisifu nayo siku nzima.

Bango likapanda ukutani, upande wa barabara. Na kwa kuwa siku hizi ukuta pekee hautoshi, Meneja akaituma picha pia kwenye kundi la simu la mtaa, lenye kila mtu ndani, hata walioshahama.

*

Lilifanya kazi. Hilo nalo lazima lisemwe. Watu walisimama. Fundi baiskeli alileta ovaroli iliyokuwa haijui maji. Kijana mmoja aliyekuwa anaelekea kona akageuza njia na mfuko wake, na Dobi akampokea kwa "karibu sana" ya kuiga, mpaka Meneja akacheka.

"Dobi, umelifanyaje hilo?" wakamuuliza.

"Siri ya jikoni."

"Na aliyelifanya je? Huyo naye alikunywa pipa?"

Wakacheka. Dobi naye akacheka, kidogo, kwa upande wa mdomo. Kicheko kile hakikumkaa vizuri, lakini alikuwa na wateja, na mtu mwenye wateja hana muda wa kujisikiliza.

Ndipo akapita Mama Sindano, mwanamke anayetarizi mashuka na vitambaa vya meza, mtu asiye na neno baya kwa kiumbe. Alisimama mbele ya bango, akasogea, akatoa miwani kifuani, akasogea tena. Uso ukamng'aa.

"Jamani! Si ndege wangu hawa?"

Watu wakageuka.

"Wangu kabisa! Tazameni. Huyu mdomo mwekundu, huyu wa kahawia. Uzi mwekundu uliniishia nikiwa nimebakiza mdomo mmoja. Nikamwambia mwenyewe, ngoja ninunue uzi. Akasema acha tu, Mama Sindano, hata mke na mume hawafanani midomo. Tulicheka siku hiyo! Akalichukua hivyohivyo, alikuwa anaolewa na yule dereva..."

Hapo akasikia alichokuwa anasema. Mkono ukapanda mdomoni, umechelewa. Alikuwa mwanamke aliyefurahi kuona kazi yake ukutani, basi. Akakunja miwani, akasema "ngoja niwahi," akaondoka haraka, bila kuangalia nyuma.

Waliobaki wakasogea kuitazama midomo ya ndege. Kisha mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu, "Lakini yule dereva si yuko safarini?"

"Ndiyo."

"Sasa..."

"Basi ni mwenyewe."

"Mwalimu? Mtu mzima vile?"

Dobi alikuwa amesimama hapohapo, pasi mkononi. Angeweza kusema si yeye. Wangemuuliza, nani basi? Angesema shuka ni la mtu mwingine. Ndege walikuwa ukutani, wakubwa kuliko sahani, na midomo yao. Akarudi ndani kunyoosha ovaroli, nguo ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiomba inyooshwe.

*

Mama Meneja alirudi siku iliyofuata. Mtoto wa dada yake alikuwa amepona, na alikuja na habari njema mdomoni. Aliliona bango tangu mbali, akatabasamu kwanza, kwa sababu lilikuwa zuri. Alipokaribia, tabasamu likakwama njiani. Akaweka begi chini, palepale barabarani.

"Baba Meneja."

"Karibu, mke wangu! Mtoto hajambo?"

"Teremsha."

"Ngoja nikueleze, mwanao ndiye..."

"Teremsha hilo bango kabla sijaliteremsha na ukuta."

Meneja alitoka mbio. "Mama, shikamoo. Kuna nini? Bango limeleta watu, mama, sikiliza kwanza..."

"Marahaba. Unajua hilo shuka la nani?"

"Baba alisema la mteja."

Mama Meneja akamtazama mumewe, na mumewe akatazama mkaa. Wakaingia ndani watatu, mlango ukafungwa mchana kweupe, na Meneja akaambiwa kwa sauti ya chini kile ambacho nyumba ile haikuwahi kukitamka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, safari hii hakuifuta.

"Naifuta ile picha kwenye simu," akasema. "Sasa hivi naifuta."

Aliifuta. Baada ya muda mfupi ikarudi, imetumwa na mtu mwingine, imekatwa wakabaki ndege na doa tu, na chini yake mtu ameweka vikaragosi vya kucheka. Akaandika: jamani tafadhali msisambaze. Wakamjibu: kwani ni la nani?

*

Mwalimu alikuja mchana huohuo. Kwa mara ya kwanza alipitia mlango wa mbele, na barabara yote ikamwona akiingia. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa.

Asubuhi ile aliingia darasani akakuta mtu amechora ndege wawili ubaoni. Hapakuwa na neno hata moja. Hakuwafuta. Aliandika somo pembeni yao, akafundisha mpaka mwisho, kengele ikalia, akatoka. Haya Dobi hakuyajua, na ni afadhali.

"Nguo zangu zimekauka?" akauliza.

"Zimekauka, Mwalimu. Mwalimu, mimi..."

"Naomba zote. Hata za kesho."

"Mwalimu, sikujua kwamba... Yaani nilijua, ila..." Dobi akashika meza. "Mimi niliona doa tu. Wallahi, niliona doa tu."

"Naelewa, Dobi. Kiasi gani?"

"Usitoe kitu."

"Nimeuliza kiasi gani."

Mama Meneja alitoka nyuma na nguo zimekunjwa, zimefungwa kwenye kitambaa chake mwenyewe kizuri. "Mwalimu, mdogo wangu," akasema, akamkabidhi.

Mwalimu akafungua kile kitambaa, akahamishia nguo kwenye mfuko wake mweusi, kitambaa akakikunja na kumrudishia. Akaweka pesa mezani, kamili.

"Ameiona?" Mama Meneja akanong'ona. "Baba watoto?"

"Ana simu," akasema Mwalimu. "Mkono mmoja unafanya kazi." Akaunyanyua mfuko. "Tangu jana hataki nimbadilishie shuka. Anasema niliache tu, si watu wameshaliona." Akawaaga kama anavyoaga mtu mwenye adabu, akatoka kwa mlango uleule.

*

Wengine walikuja baada yake, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwenye mkutano kabla haujafungwa. Hakuna aliyegomba. Wangegomba ingekuwa nafuu, maana ugomvi una mwisho. Waliomba nguo zao kwa upole na kila mmoja alikuja na uongo wake mdogo, ameuosha na kuupiga pasi.

"Mke wangu amenunua beseni kubwa," akasema mlinzi wa benki.

"Nasafiri kidogo," akasema mzee wa mlango wa nyuma, ambaye hakuwa na safari wala nauli.

"Binti yangu amekua, acha ajifunze kufua."

"Sawa, mzee wangu. Sawa, mama. Karibu tena," Dobi akawajibu wote, na wote wakasema asante, na wakapinda pale kona na mifuko yao.

Mke wa mchinjaji pekee ndiye aliyesema kweli. Alikuwa mtu wa kusema. Alikaa juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, akapangusa jasho.

"Dobi, mimi hukunifanyia kitu. Miaka yote hii umeona yangu na ya mume wangu, na sijasikia hata upepo. Nakushukuru. Lakini jana nimevua gauni, nikajikuta naligeuza naliangalia kwanza, kama wataliona watu. Siwezi kuishi hivyo, kaka yangu. Kule kona yule msichana hata hanitazami. Anabonyeza tu. Mashine haimjui mtu."

"Nimekuelewa, shemeji."

"Usinichukie."

"Nikuchukie kwa nini? Chukua na vibanio vyako, viwili hivi ulivileta na pazia."

Alipotoka, Dobi alimgeukia mkewe. "Mama Meneja, hawa watu walikuwa hawafuati weupe?"

"Weupe wangeupata hata kwingine."

"Sasa walikuwa wanafuata nini?"

"Tulikuwa tunanyamaza," akasema. "Basi."

Meneja alikuwa kwenye kona, magoti yamekumbatiwa. Tangu jana alikuwa akitafuta la kufanya, kwa sababu chuoni kila tatizo lilikuwa na hatua zake. "Tuombe radhi," akasema. "Kampuni zikikosea zinaomba radhi hadharani. Nitaandika vizuri."

"Andika tusikie."

"Tunamwomba radhi mteja wetu kwa kutumia..."

"Mteja gani?" mama yake akauliza, bila ukali. "Ukimtaja, umemtangaza tena. Usipomtaja, watauliza ni nani, na wasiojua wataambiwa na wanaojua. Ukisema si yeye, watasema basi ni nani, na yule baba anayejificha ndani ndiye atakayefuata. Endelea, mwanangu. Andika."

Meneja akaiweka simu chini.

Jioni ile Mama Meneja mwenyewe alijaribu kwa miguu. Alifika mpaka mbele ya nyumba ya Mwalimu. Majirani wawili walikuwa nje wakichambua mboga, na vichwa vyao vikainuka pamoja. Mke wa dobi akibisha mlango ule, maana yake mtaa mzima umepata muhuri. Alisimama, akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba, akawauliza majirani kama wamemwona muuza mkaa. Wakamwambia yuko palepale anapokaa siku zote. Akawashukuru, akarudi nyumbani.

*

Bango lilishaondolewa, limekunjwa chini ya kitanda, kamba za uani ni tupu kama siku ya sherehe ya mtu mwingine, ndipo gari likasimama mlangoni. Akateremka bwana mnene, mchangamfu, mwenye funguo nyingi kidoleni. Hakuwa wa mtaa ule. Alikuwa na nyumba ya wageni kule barabara kubwa, karibu na shule.

"Hapa ndipo kwa Dobi, doa halilali?" akauliza, na kucheka. "Nimewatafuta! Picha yenu nimeletewa kwenye simu na watu kama wanne. Ndugu yangu, ile ni kazi. Mimi nina mashuka, na wageni unawajua, hawana huruma."

Akatoa mzigo garini, akautua juu ya meza ya pasi. Meza ikalia. Dobi aliushika ule mzigo kwa viganja viwili, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Kila wiki hivi, wakati mwingine zaidi," akasema yule bwana. "Kule kona wananirudishia madoa yametulia vizuri, yametiwa manukato tu. Nataka ninyi. Tupatane bei ya jumla."

Meneja alisimama. Mteja mmoja mkubwa, wa kudumu, bei ya jumla: kwenye masomo yake hilo lilikuwa na sura nzima. Akatazama baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu bango lishuke akamwona baba yake ana rangi usoni.

"Na ninyi mmezembea," bwana akaendelea. "Nimepita nje sijaona bango. Biashara haifichwi! Mimi mwenyewe nimewatangaza. Nimeichapa ile picha, kubwa, nimeitundika pale mapokezi dirishani, inatazama barabara. Wageni wajue mashuka yao yanafuliwa na nani. Hata watoto wa shule wanasimama wanacheka, wanawaonyesha wenzao."

"Barabara ya shule," akasema Mama Meneja.

"Hiyohiyo. Wanapita wote pale, walimu, wazazi. Tangazo la bure hilo."

"Bwana, tunakuomba uliondoe."

"Mama, mnachekesha. Niondoe kwa nini? Si ndilo limenileta?"

"Limemuumiza mtu," Dobi akasema.

"Nani?" Bwana akachangamka zaidi, akaegemea meza. Hakuwa mbaya. Alipenda habari tu, kama wote wanaokaa mapokezi. "Eh! Kwani mwenyewe anajulikana? Hebu niambieni. Maana pale kwangu watu wanabishana kila siku, kuna wanaosema ni mwalimu fulani wa hapo shuleni. Ni kweli?"

Dobi akamtazama mkewe. Meneja akatazama sakafu. Mzigo wa mashuka ulikuwa katikati yao, mkubwa, na ndani yake kulikuwa na kodi ya nyumba, chuo cha Meneja, mkaa, kila kitu.

"Ni langu," akasema Mama Meneja.

"Nini?"

"Shuka. Nililinunua kwa mtu, ni langu. Na doa ni langu. Naumwa, bwana. Usiku najikojolea. Mume wangu alikosa shuka lingine la kupiga picha. Hakuna mwalimu hapo."

Aliyasema akiwa amesimama wima, mikono imelala juu ya mzigo. Bwana akamwangalia usoni kutafuta mzaha, hakuuona. Kicheko kikatafuta pa kukaa, kikakosa.

"Pole," akasema. "Pole sana, mama. Sikujua." Macho yake yakashuka kwenye mikono ile, juu ya mashuka ya wageni wake. Yakakaa hapo. "Sasa... ndiyo wewe unayefua?"

"Tunafua wote."

"Aha." Akakohoa. Akauvuta mzigo upande wake, taratibu, kama mtu anayevuta kiti ili asiwasumbue wengine. "Basi ngoja kwanza. Kuna baadhi humu sikuyahesabu. Nitapitia baadaye."

"Na ile picha?" akauliza Mama Meneja.

"Nikifika tu naitoa," akasema haraka, na hapo hakuwa anadanganya. "Siwezi kuiacha pale. Wageni wakijua..." Hakumalizia. Akaaga, akaubeba mzigo mwenyewe mpaka garini, akaondoka. Hakurudi.

Meneja ndiye aliyezungumza kwanza. "Mama, kwenye kundi si wataendelea tu? Wanaowajua wale ndege ni wengi."

"Wataendelea."

"Sasa imesaidia nini?"

Kioo kimoja cha dirisha kitakuwa wazi kwenye barabara ya shule. Huko kwingine kote ndege walikuwa wanaendelea kuruka.

Dobi alikuwa ameshawasha pasi alipoliona gari, na mkaa ulikuwa umekolea. Mkaa ukikolea hauna namna ya kuurudisha kwenye gunia. Akavua shati lake, akalitandaza mezani, akaanza kulinyoosha, mwenyewe amebaki na fulana yenye matundu. Mkewe akasimama ng'ambo ya meza, akamshikia mkono wa shati ili usijikunje.

Nje alipita Mwalimu kutoka shule, mkoba begani, paketi kubwa ya sabuni ya unga kwapani. Alitazama mbele. Alipofika usawa wa mlango wao hatua zikapungua kidogo tu, na wao wawili wakainamisha macho kwenye lile shati, wakainama kabisa, kama watu wenye kazi nyingi sana.